Walinzi wa Mkono wa Joho

Zama zile ambapo majini walikuwa bado wakiitwa wanaitika, aliketi katika nchi ya Faransa sultani aliyeitwa Filiberi bin Odoni, na makao ya enzi yake yalikuwa mji wa Valimoni, uliojengwa kwa mawe meupe ukingoni mwa mto mpana, na mji ule ulikuwa na minara na bustani na mabaraza yaliyotandikwa mazulia, na watu wake walikuwa mabingwa wa mambo mawili, kuoka mikate na kushika adabu. Mikate yao sina neno nayo. Lakini adabu yao, enyi mnaonisikiliza, nusura imuue sultani wao, na hayo ndiyo nitakayowasimulia.

Ilikuwa desturi ya Valimoni kwamba tarumbeta ya kasri ikilia, kutangaza kwamba sultani au mtu wa damu yake anapita, kila mtu huacha alichoshika, na huweka mikono yake miwili kifuani, na huinamisha kichwa mpaka tarumbeta inyamaze. Mwokaji aliacha mkate ukaungua, na kinyozi alimwacha mteja na povu shavu moja, na mama alimwacha mtoto na sabuni machoni. Walifundishwa hivyo tangu hawajajua kutembea, na walipokuwa watu wazima mikono yao haikungoja tena amri ya vichwa vyao. Wageni walicheka, na watu wa Valimoni wakawahurumia wageni kwa kukosa malezi.

Sultani Filiberi alikuwa na ndugu wawili tu duniani. Wa kwanza ni Oberi, mdogo wake, ambaye utotoni walilala kitanda kimoja wakigombea shuka moja; na wa pili ni dada yao, Bibi Melisenda, mwanamke mwenye maneno machache na macho yasiyopitwa na kitu. Baba yao alipofariki, maamiri wenye uchu wa madaraka walimzunguka Oberi wakamjaza maneno, hata akainua bendera ya uasi juu ya kaka yake, na vita vikapiganwa, na Oberi akashindwa, na akafungwa katika ngome ya Monkari ng'ambo ya mto. Filiberi hakuwa na moyo wa kumuua, wala hakuwa na moyo wa kumsamehe. Alikaa miezi mitatu hali chakula kikamshuka, na kila alipopita mbele ya chumba cha utoto wao alishika ukuta ndipo akaweza kuendelea.

Na juu ya mnara mrefu kuliko yote ya kasri palikuwa na jogoo wa shaba, aliyewekwa juu ya fimbo ya chuma kuonyesha upepo unakotoka, na ndani ya jogoo yule alikaa jini aitwaye Nasimu, ambaye mganga mmoja wa kale alimfunga kwa azima awatumikie masultani wa ukoo ule mpaka siku mmoja wao atakapochukuliwa na upepo asirudi. Asubuhi moja Filiberi alipanda mnarani, na Melisenda, aliyekuwa na wasiwasi juu yake, akamfuata nyumanyuma na kusimama kwenye ngazi, akasikia yote.

"Ewe Nasimu," alisema sultani.

"Labeka, maulana. Upepo watoka mashariki, mwanana, na mvua hakuna." Kwa maana kwa miaka mia tatu masultani hawakumuuliza jambo jingine.

"Sikuulizi upepo. Nina huzuni kifuani hainiachi nikapumua. Waweza kuitoa?"

Jogoo aligeuka polepole akamtazama, na shaba ikalia. "Naweza, na wajibu wangu ni kukueleza kwanza. Huzuni yako na mapenzi yako vimeshonwa kwa uzi mmoja. Nikivuta kimoja, kingine kinafuata. Na mtu asiyependa hana kitu cha kumbakiza duniani, maulana. Utapungua uzito siku baada ya siku, hata siku moja upepo utakubeba."

"Heri upepo," akasema Filiberi. "Vuta."

Melisenda alifungua kinywa apige kelele, na sauti haikutoka. Jambo hilo alijilaumu nalo muda mrefu sana, ingawa mimi simlaumu, maana ni nani ajuaye la kusema katika muda mfupi namna ile?

Siku ya kwanza sultani alikula kuku mzima akalala fofofo, na kasri zima likashukuru. Akaulizwa habari za Oberi akajibu, "Nasikia yuko Monkari," kwa sauti ya mtu aliyeulizwa bei ya chumvi. Siku ya tatu viatu vyake havikuacha alama kwenye mchanga wa bustani. Siku ya saba alipiga chafya akajikuta juu ya kabati. Siku ya kumi alikuwa akielea shubiri moja juu ya kiti cha enzi, akisikiliza mashauri ya raia bila furaha na bila hasira, na raia walitoka nje wakitetemeka kuliko kama angewafokea. Wakamfunga kwa kamba za hariri, na mafundo yakajifungua yenyewe. Wakamvika viatu vya risasi, na viatu vikabaki chini na sultani akaenda zake juu.

Hapo Melisenda alipanda mnarani peke yake, akamshika jogoo kwa kilemba chake.

"Sema dawa yake, na usinifiche neno."

"Siwezi kusema uongo, bibi, nimefungwa na hilo pia. Ashikwe na mkono wa binadamu, usiku na mchana, kwa siku arubaini, asiachwe hata muda wa kupepesa jicho. Wanaweza kupokezana, ila mkono mmoja usitoke kabla mwingine haujashika. Akiachwa mara ya kwanza ataruka mpaka dari, na hesabu itaanza upya. Mara ya pili ataruka mpaka huku kwangu. Mara ya tatu hatarudi."

"Na asiporudi, wewe utapata nini?"

"Nitakuwa huru," akasema jogoo, na hakuona aibu. "Miaka mia tatu nazungushwa hapa, bibi, na ndege wananifanyia mambo yao kichwani."

Wa kwanza kuchaguliwa alikuwa Amiri Gosleni, mkuu wa walinzi, simba wa vita, aliyeapa kwa upanga wake na kwa kaburi la baba yake kwamba hataachia. Na kwa siku tano yeye na watu wake walipokezana vizuri sana. Siku ya sita Melisenda alikwenda kumjulia hali kaka yake, na mpiga tarumbeta wa mlangoni, ambaye hakuna aliyekumbuka kumkataza, akamwona mtu wa damu ya kifalme na kupuliza kama kawaida yake. Mikono ya Amiri Gosleni ikaruka kifuani pake, na sultani akapanda akagonga dari na kuvunja kandili la bilauri, akabaki huko juu akitazama vipande vikianguka bila hata kusema pole.

Melisenda akaamuru tarumbeta zote za mji zikusanywe zifungiwe ghalani, na zikatimia mia nne na kumi na mbili. Waziri mkuu mwenyewe, mzee mwenye busara, akaomba kazi ile yeye na wanawe, nao wakashika siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili walimpeleka sultani bustanini apunge hewa, na nyuma ya ukuta punda wa muuza maziwa akalia. Waziri alijua kabisa kuwa ni punda. Alilia machozi baadaye akiapa kwamba alijua ni punda. Lakini mikono yake haikujua, na sultani akaruka mpaka mnarani, na joho lake likanasa kwenye mkia wa jogoo.

"Karibu, maulana," jogoo alisema. "Upepo watoka kusini."

Wakamteremsha kwa ngazi na kulabu, akiwa ameshikwa miguu na watumishi sita viziwi waliookotwa jikoni. Na wale sita wakaendelea kumshika, hoi, wala wasingeweza kufika siku arubaini, huku Melisenda akijifungia chumbani akajijaribu. Akamwambia mjakazi wake apulize kwenye pembe ya wino, naye akashika mguu wa kitanda kwa nguvu zake zote. Na pembe ilipolia akaona mikono yake ikimtoka ikienda kifuani, mikono yake mwenyewe, iliyompenda kaka yake kuliko kitu chochote. Akalia, akaosha uso, akafikiri.

Kisha akaenda ghalani akatoa tarumbeta moja, na kwa asubuhi tatu akaipeleka mahali patatu, na yeye mwenyewe akatazama kutoka dirishani. Asubuhi ya kwanza ikapulizwa sokoni, na soko zima likainama, na wezi pia. Asubuhi ya pili ikapulizwa darajani, na daraja zima likainama. Asubuhi ya tatu ikapulizwa kwenye lango la nyuma, penye kisima cha wafuaji nguo, na wote wakainama, isipokuwa mtu mmoja mrefu mwenye nywele nyekundu, aliyesimama kando ya gari la ng'ombe akiwa amemshika mkono mwanamke mzee mfuaji nguo.

Melisenda alishuka ngazi mbilimbili. Alipofika, msimamizi wa lango alikwisha kumkaba yule mtu shingo na kumwita mshenzi asiye na mama.

"Mwachie," akasema Melisenda. "Wewe, unaitwa nani?"

"Dugali, bibi. Mpiga mishale wa lango la nyuma. Mtu wa Skotia." Na hiyo Skotia ni nchi ya kaskazini ambako mvua ni mwenyeji na jua ni mgeni, na wapiga mishale wake walikuja zamani kumpigania Sultani Odoni, na vita vilipokwisha wakasahauliwa pale langoni.

"Hukusikia tarumbeta?"

"Nimeisikia."

"Mbona hukuinama?"

Dugali alimtazama yule mama wa nguo, kisha akamtazama binti mfalme, kama anayeona swali lile ni la ajabu kidogo. "Mama alikuwa na mguu mmoja garini na mmoja hewani, bibi. Ningemwachia angeanguka."

Melisenda akamsogelea. Akamweleza yote pale pale, mbele ya wafuaji nguo, habari za jogoo na za siku arubaini na za mara ya tatu. Alidhani atafurahi kwa heshima ile. Dugali akainamisha kichwa.

"Tafuta mwingine, bibi. Mimi niliwahi kuachia."

"Uliachia nini?"

"Nilikuwa na mdogo wangu, Ruari. Tulikuwa tunavuka mto huu huu kwenye vita vya baba yenu, maji yako kifuani, naye hajui kuogelea, nimemshika mkono. Baragumu ikalia, wapiga mishale wote wavute pinde. Mimi askari, nikatii. Nilimwachia nikavuta upinde mara moja tu. Nilipogeuka hayupo." Akatazama mikono yake. "Tangu hapo, baragumu ikilia mikono yangu haiendi popote. Inabaki pale ilipo. Lakini imechelewa, bibi. Ruari haimsaidii tena."

Melisenda alitaka kumwambia neno la faraja, akaona kila neno analolijua ni dogo. Akasema tu, "Nina kaka mmoja anayeelea na mwingine yuko gerezani. Nakuomba, Dugali. Sikuamuru, nakuomba."

Yule mama wa nguo akamsukuma Dugali mgongoni. "Nenda, mwanangu. Nguo nitashusha mwenyewe."

Basi Dugali akapanda kasrini na wenzake ishirini na wanne, ambao hawakulelewa kwa tarumbeta, na wote walikuwa mtoni siku ile Ruari alipozama. Akawafundisha namna ya kupokezana. Anayekuja hushika kwanza mkono wa joho la sultani, pamoja na kifundo cha mkono kilichomo ndani, kwa vidole vyote. Anayetoka huuliza, "Upo?" Anayekuja hujibu, "Nipo." Huuliza mara ya pili, na akijibiwa mara ya pili ndipo huondoa vidole vyake, kimoja kimoja. Watu wa kasri waliona jambo lile linachosha mno, na maamiri wakasema wageni hawa hawana hata adabu ya kuinama, na Amiri Gosleni, ambaye alikuwa mwungwana pamoja na makosa yake, akawaambia wanyamaze.

Dugali alijichukulia zamu ya mchana kutwa. Siku ya kwanza sultani, akining'inia juu ya bega lake kama nguo iliyoanikwa, akamwambia, "Ujue kwamba sikupendi wala sikuchukii."

"Si lazima, maulana. Mimi nashika tu."

"Na nikikuamuru uniachie?"

"Nitakuwa mwasi mpaka siku ya arubaini, halafu utanihukumu."

Melisenda alikuja kila siku kumlisha Dugali, kwa kuwa mkono wake wa kulia ulikuwa na kazi na wa kushoto hakuuamini na kijiko. Alisikia kwamba watu wa Skotia hupenda uji wa shayiri wenye chumvi, akaingia jikoni akaupika kwa mikono yake. Dugali akaula wote bila kusema kitu. Siku ya tatu akamwambia kwa upole, "Bibi, shayiri hupikwa na maji," na Melisenda akacheka mpaka akaketi chini, na hakuwa amecheka tangu baba yake afe. Kutoka hapo alikaa muda mrefu zaidi ya uliohitajika kwa bakuli moja la uji, na alijua kwamba anakaa, na alijua kwa nini. Sultani alielea juu yao akitazama nje ya dirisha.

Siku ya ishirini na mbili Filiberi akauliza, bila mtu kumwuliza neno, "Huyo Ruari wako, wamkumbuka kila siku?"

"Kila siku, maulana."

"Na yakuuma?"

"Yaniuma."

"Basi kwa nini usipande mnarani? Jogoo ataitoa huzuni hiyo kwa mvuto mmoja. Mimi sikuhisi hata maumivu."

Dugali alikaza vidole juu ya joho. "Nikimpa jogoo huzuni yangu, maulana, Ruari atabaki na nani?"

Sultani alirudi kutazama dirishani. Lakini jioni, alipokuwa akimvua soksi ili akalale, Melisenda aliona vumbi kwenye ncha ya soksi, vumbi la zulia alilolikanyaga, na akaibusu ile soksi mbele ya watumishi wala hakujali watasema nini.

Jogoo naye aliona. Na siku ya arubaini, ambayo hesabu yake ilikuwa iishe jua likifika utosini, sultani akatolewa uani ili mji wote ushuhudie, na Nasimu akaona uhuru wake unapotea, akavuta pumzi yote aliyoiweka kwa miaka mia tatu na kuipuliza. Upepo ukaja ukang'oa mapaa, ukawabwaga wale ishirini na wanne ukutani, ukamwinua Filiberi juu mpaka akawa amelala hewani kama bendera, na Dugali akamshika kwa mikono miwili, magoti yake yakikwaruza mawe. Melisenda na Amiri Gosleni na waziri wakakimbia kwenda kumsaidia. Na hapo upepo ukapasua milango ya ghala, ukaingia ndani ya tarumbeta mia nne na kumi na moja, na zote zikalia kwa mpigo mmoja.

Mji wote ukainama. Amiri aliinama akitukana, waziri aliinama akilia, na Melisenda akajikuta hatua tano kutoka kwa kaka yake, mikono imemganda kifuani, kichwa chini, na alichoweza kuinua ni macho tu. Akaona kwa macho hayo jambo ambalo hakulisahau maisha yake yote. Mbele ya Dugali alisimama kijana mwenye nywele nyekundu, nguo zikimchuruzika maji, amenyoosha mkono.

"Kaka," alisema yule kijana. "Nishike. Maji yamenifika shingoni. Safari hii usiniachie."

Dugali alipiga ukelele ambao hata upepo haukuufunika. Melisenda aliona vidole vya mkono wake mmoja vikilegea juu ya joho, kimoja, na cha pili, na alijua wazi kwamba kama angekuwa yeye, na kama angekuwa Oberi majini, angeachia. Hakumlaumu hata kabla hajaachia.

Kisha vidole vikajifunga tena.

"Ruari," akasema Dugali, na machozi yakimwingia kinywani. "Ruari, mdogo wangu, mikono yangu imejaa. Nisamehe, mdogo wangu. Nisamehe."

Na Sultani Filiberi, aliyekuwa huko juu, akageuka akatazama chini. Alimwona mtu huyu ambaye hakumpenda wala hakumchukia akivunjika moyo kwa ajili yake, na alisikia neno lile, mdogo wangu, na ghafla akamwona Oberi wa miaka minne akivuta shuka, miguu yake ya baridi ikitafuta miguu ya kaka yake ipate joto. Huzuni ikamrudia yote kwa pamoja, na ya miezi mitatu na ya siku zote alizokuwa hana, na mapenzi yakaja nayo, na sultani wa Faransa akaanguka kutoka hewani kama gunia la ngano, akamwangukia Dugali, na wote wawili wakabingiria juu ya mawe. Upepo ukakatika. Tarumbeta zikanyamaza. Jua lilikuwa utosini.

Filiberi alikuwa akilia kwa sauti kama mtoto, naye amemkumbatia mpiga mishale wake. "Imenishika mikono yako siku zote hizi," alimwambia. "Sasa nimekushika mimi. Lia. Lia, ndugu yangu, sikuachii."

Yule kijana aliyelowa maji alisimama kidogo, akashusha mkono wake, akatabasamu, akafifia. Kama alikuwa ni Ruari au alikuwa ni upepo, Dugali hakujua, na ingawa jini hawezi kusema uongo, hakumwuliza kamwe.

Mchana ule ule, kabla hajabadilisha nguo, sultani alifanya mambo mawili. La kwanza alipanda mnarani, akang'oa ile fimbo ya chuma kwa mikono yake, akasema, "Nenda, Nasimu. Tulikuweka hapa miaka mia tatu na hakuna aliyekuuliza hali." Jini alitoka ndani ya shaba, akasita hewani kama asiyeamini, akamwambia, "Upepo watoka kila mahali, maulana," akaenda zake. La pili alikwenda Monkari kwa miguu, na visigino vyake vilisikika darajani, na raia wakatoka madirishani kusikiliza tu vile visigino. Melisenda alikuwa pembeni yake. Mlango wa gereza ulipofunguliwa Oberi alisimama, amekonda, ndevu zimemfika kifuani, akaona nyuma ya kaka yake wapiga mishale ishirini na watano.

"Umekuja kuniua, kaka?"

"Nimekuja kulia," akasema Filiberi. "Nimekosa pa kulilia pengine." Na akakaa chini kwenye majani ya gereza, na baada ya muda Oberi akakaa karibu naye, na Melisenda akafunga mlango kwa nje akawaacha.

Basi likaandikwa tamko, likasomwa katika miji yote ya Faransa, kwamba wapiga mishale wale wa Skotia ndio watakaokaa karibu na sultani kuliko amiri na waziri, na wataitwa Walinzi wa Mkono wa Joho, na wakipokezana zamu wataulizana "Upo?" na kujibiwa "Nipo" mara mbili, na tarumbeta ikilia, kila mtu katika nchi ataweka mikono kifuani isipokuwa wao. Wakapewa mashamba na farasi na majoho meupe yenye nyuzi za fedha. Na Dugali akaozwa Bibi Melisenda, kwa karamu ya siku saba, na alipoulizwa anataka nini zaidi akaomba yule mama wa nguo apewe nyumba ya chini isiyo na ngazi. Nami nikiulizwa mafundisho ya hekaya hii husema: adabu ya mikono ni kitu kizuri, ila kuna wakati mtu hukuheshimu zaidi kwa kutokukuinamia, na huzuni usiombe itolewe, omba mtu wa kukushika ukiwa nayo.

Lakini yako mambo ambayo tamko halikuyaandika. Mwaka mzima baada ya harusi, Dugali alilala akiwa amekamata mkono wa nguo ya mkewe, vidole vyote vitano, na Melisenda alizoea kuamka na mikunjo begani wala hakusema kitu. Alasiri moja ya kiangazi walijinyoosha chini ya mpea wa bustani yao, naye akamwona amesinzia, uso umekaza, ngumi imefungwa juu ya kitambaa, kama kawaida. Akamwinamia sikioni.

"Dugali. Unaweza kuachia sasa. Siendi popote."

Hakuamka. Lakini vidole vyake vikafunguka, kimoja kimoja, na mkono ukalala wazi juu ya majani, na akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyefika nyumbani.